Kihindi Changu cha Jumapili

Juzi binti yangu alinisogezea simu puani nikiwa nakuna nazi. "Mama, cheki hii, utakufa." Ni vile vichekesho vya vijana wa siku hizi: wanachukua kipande cha filamu ya Kihindi, wanaondoa sauti, wanatia maneno yao ya Kiswahili. Mwanamume mwenye masharubu analia mbele ya mama yake, machozi yanamchuruzika mpaka kidevuni, na mdomoni mwake inatoka sauti ya kijana wa Mbagala analalamika kwamba dada yake kala ukoko wote wa wali. Binti yangu alikuwa hajiwezi. Alijitupa kwenye kochi, akapiga miguu, akairudisha mwanzo akacheka upya. Mie nilicheka mara moja, kwa pua, nikarudi kwenye nazi yangu.

"Hujaipenda?"

"Nimeipenda."

"Sasa mbona umenuna?"

Nikamwambia ni moshi. Na jiko lenyewe la gesi.

Ningemwambia nini? Kwamba kazi hiyo mie niliifanya kabla hao vijana hawajazaliwa, bila simu, bila mtandao, kwa mdomo wangu mtupu? Kwamba nilikuwa hodari kuliko wao, na kuna mtu uhodari wangu ulimtoa chumbani kwake? Binti yangu angeniuliza kwanza deki ni kitu gani. Kwa hiyo nawaambia nyie, mliokua na mie, mliokaa mikekani uwani mkiangalia mikanda inayorukaruka na kumfokea aliyesimama mbele.

Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa na nyumba Temeke. Ni zile nyumba zetu za Kiswahili, vyumba vitatu huku, vitatu kule, korido katikati, na uwani jiko, choo na kamba za nguo. Viwili tulikaa sie, vinne alipangisha. Nyumba hiyo aliijenga mwenyewe baada ya kuachwa na babu, tofali kwa tofali, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kusahau jambo hilo. Alikuwa na huruma nyingi, lakini kwenye kupangisha alikuwa na sharti moja ambalo hakulilegeza hata kwa ndugu yake: mwanamke asiye na mume hampi chumba. Aliwahi kumpa mmoja, wanaume wawili wakakutana mlangoni kwa yule dada, wakapigana mpaka mlango ukang'oka na mgambo wakaja. "Mie nishaaibika mara moja," alikuwa akisema. "Mwenye mumewe, karibu. Asiye naye, Mungu atampa kwingine."

Mama yangu alikuwa yaya kwa Wahindi Upanga, analala huko huko, nyumbani anakuja mara mbili kwa mwezi. Kwa hiyo mie ni mtoto wa Bibi, tuseme hivyo. Ndani ya nyumba alikuwepo pia mjomba, kazi yake bandarini, na ndiye aliyeleta balaa.

Mnakumbuka miaka ile ya themanini, vitu vilivyoanza kuingia kutoka nje. Juzi tu watu walikuwa wanapanga foleni ya sabuni, mara ukipita mtaani unasikia redio kubwa kila nyumba, raba nyeupe miguuni, makoti ya mitumba kwenye jua la Dar es Salaam. Mjomba akaja na tivii na deki, ile mashine ya kuchezea mikanda ya video, vimefungwa ndani ya blanketi. Tivii yenyewe ilikuwa haina cha kuonyesha, maana bara hapakuwa na stesheni hata moja. Ukiiwasha unaona chenga tu. Kazi yake ilikuwa mkanda, na mkanda ulikodishwa Jumapili, na Jumapili mkanda ulikuwa wa Kihindi kwa sababu wanawake wa nyumba ile walikataa katakata ngumi na mateke.

Adhuhuri ikishapita, wanaume wameshakwenda mpirani, mjomba anaitoa tivii anaiweka juu ya meza kwenye mlango wa nyuma, uso wake uwani. Bibi anatundika shuka kukinga jua. Mikeka inatandikwa, mtu anakuja na ungo wake wa mchele anachambua, mwingine kakaa katikati ya miguu ya mwenziwe anasukwa, jirani anachungulia ukutani anaambiwa "ingia, umekuwa mgeni?" Basi uwani kunajaa.

Tatizo lilikuwa moja: hakuna aliyejua wanasema nini. Jumapili ya kwanza kelele zilikuwa nyingi kuliko filamu. "Kasemaje? Anamfukuza au anamwita?" Bibi akakohoa, akasema kwa fahari, "Mwulizeni mjukuu wangu. Huyo kakaa Upanga."

Kukaa kwenyewe ni wiki tatu za likizo, nikimsaidia mama kuosha vikombe. Maneno niliyotoka nayo, nikiyahesabu vizuri na kutia chumvi, hayakufika kumi na mawili. Njoo, nenda, maji, chakula, basi. Lakini watu thelathini walikuwa wamenigeukia, na mie nilikuwa na miaka kumi, na hakuna mtu aliyewahi kunigeukia kwa jambo lolote. Kwenye tivii kijana alikuwa amemshika mama yake miguu. Nikasema, "Anasema, mama nipe radhi, naenda mjini kumtafuta baba." Haki ya Mungu, picha iliyofuata ilikuwa treni.

"Weee!" wakapiga makofi. "Mtoto kajua!"

Hapo ndipo nilipopewa jina la Mkalimani, na kigoda cha mbele kabisa, pembeni ya tivii, niwatazame wao na picha kwa pamoja. Jumapili ya pili watu walikuwa wamekuja kunisikiliza mie.

Siyo kazi ngumu. Filamu zile zinajieleza zenyewe: huyu tajiri, huyu maskini, huyu ni mbaya kwa sababu ana miwani ya jua ndani ya nyumba. Nilikuwa nakisia, na nikikosea nasema alikuwa anadanganya. Utamu wenyewe ulikuwa kwa mchekeshaji. Kila filamu ilikuwa na mmoja, mfupi au mnene, mtumishi au dereva, anayeanguka anguka. Yule maneno yake hayabadilishi hadithi, kwa hiyo hakuna picha ya kuja kuniumbua. Nikawa namtia mambo ya nyumbani kwetu. Akisimama mlangoni akihangaika, nasema, "Anasema, jamani aliyemo chooni atoke, toka asubuhi nimesimama na kopo!" Uwani kote watu hoi. "Hata Uhindini choo kina foleni!" alisema Mama Chausiku, mpangaji wa chumba cha mbele, mwanamke mwenye kicheko kikubwa na ulimi mkubwa kukizidi. Alikuwa akinisifia mtaa mzima, na sifa zake zilinilevya. Nilikuwa nikilala usiku nikipanga Jumapili ijayo mchekeshaji aseme nini.

Sasa Dada Somoe. Alikuwa mpangaji wa chumba cha mwisho karibu na jiko, mtu wa Lindi, mrefu, mpole, sauti yake ya chini na lafudhi yake ya kusini ambayo hakuwahi kujaribu kuificha. Alimwambia Bibi mumewe ni fundi wa meli, yuko Tanga kwenye kazi, akimaliza atakuja. Bibi akampa chumba kwa neno hilo. Alikuwa akikaanga bagia pale uwani kila siku alasiri na kuziuza, bagia ambazo mpaka leo sijaonja za kuzifikia, zimepasuka pembeni, na chatne ya nazi ya kuramba kidole. Jumapili alikuwa akikaa nyuma ya wote, kwenye karai lake. Alikuwa na tabia ya kucheka mahali ambapo wenzake hawajacheka, na wenzake wakicheka yeye anatabasamu tu. Mie nilimwona mshamba, hajazoea filamu.

Kusoma alikuwa hajui. Siku moja mtu aliyetoka Tanga akamletea barua, mbele za watu, na bahasha yake yenye rangi pembeni. Nyumba nzima ikaiona. Dada Somoe akaniita chumbani kwake, akafunga mlango, akaketi kitandani na mikono yake magotini. "Nisomee, mwanangu. Taratibu."

Barua yenyewe ilikuwa fupi. Mume alisema asimsubiri. Alisema huko keshaoa, na mke ana mimba, na asimtumie watu tena.

Nilisoma kama ninavyosoma kitabu cha shule, kwa sauti, bila kujua nafanya nini. Aliniambia nirudie. Nikarudia. Hakulia. Nje Bibi akapaza sauti kutoka jikoni, "Somoe! Mumeo anasemaje? Njoo na barua tusikie na sie!"

Dada Somoe akanitazama. Nikamwona anavyohema. "Bibi yako akijua," akasema, "nitalala wapi?"

Hakuwa ananiuliza mie, lakini mie nilijibu. Nilimwambia nina daftari. Kweli, wazo lilikuwa langu, msidhani nilishurutishwa. Nilimkimbilia Bibi nikamwambia anamalizia kusali, nikachana karatasi katikati ya daftari la hesabu, na Dada Somoe akanong'ona, nami nikaandika kwa mwandiko wa kulala ili ufanane na wa mwanamume. "Kwako mke wangu mpenzi Somoe. Ama baada ya salamu, mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu." Kazi ya meli imeongezwa miezi. Msalimie sana mama yetu mwenye nyumba, mwambie namshukuru kwa kukulea. Tukaitia kwenye bahasha ileile, tukatoka, nikaisoma mbele ya kadamnasi.

"Kijana ana adabu," alisema Bibi, amefurahi kusalimiwa. "Siyo hawa wa kwetu."

Usiku ule Dada Somoe alinipa bagia mbili kwenye kipande cha gazeti. "Hii iwe yangu na yako."

"Wallahi," nikasema, mdomo umejaa.

Tuliandika nyingine mbili baada ya hapo, Bibi akianza kuuliza uliza. Nikawa napitia chumbani kwake karibu kila siku nikitoka shule, ingawa Bibi alikuwa amenikataza kuingia vyumba vya wapangaji na fimbo yake ilikuwa haina mchezo. Alikuwa akinisuka. Alikuwa akiniuliza habari za shule na anasikiliza majibu. Chumba kilikuwa kisafi, kina kitanda, ndoo, sanduku na picha ya Makka, na sikuwahi kuona humo kiatu cha mwanamume wala kusikia harufu ya sigara. Alikuwa mtu wa bagia zake na usingizi wake, basi.

Jumapili ninayoisema mkanda ulikuwa mbovu. Picha ilikuwa inapanda na kushuka, na filamu yenyewe ilikuwa ya vilio, kila mtu mgonjwa, kila mtu anaimba akiwa mgonjwa. Nilijitahidi lakini watu walinilegea. Mmoja alianza kuzungumzia bei ya mchele. Mwingine alilala kabisa na shanuo kichwani. Mama Chausiku akapiga mwayo mrefu wa makusudi, akasema, "Leo mkalimani wetu kaishiwa. Mrudisheni Upanga akachaji."

Walicheka, na kwa mara ya kwanza walikuwa wananicheka mie. Ndipo akatokea mchekeshaji, mzee mfupi mwenye tumbo, mtumishi wa ile nyumba ya vilio, akakaa kwenye ngazi, akatoa karatasi mfukoni, akawa anaisoma peke yake huku akipangusa macho.

"Anasema," nikaanza, "anasema, hii barua imetoka kwa mke wangu."

Wachache wakageuka.

"Anasema, mke mwenyewe sina! Nimejiandikia!"

Kicheko kikapasuka. Yule aliyelala akaamka akauliza kasemaje. Nitawaambia ukweli nyie wenzangu, kwa sababu kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba neno lilinitoka tu, kwamba ulimi hauna mfupa, kwamba nilikuwa mtoto. Nilijua. Lilipokuwa linanijia kichwani nilimwona Dada Somoe kule nyuma kwenye karai lake, nikajua ni lake, na nikalisema. Lilikuwa tamu mno kuliacha. Na nilipoona limewaamsha, nikaongeza.

"Anasema, kusoma sijui, kuandika sijui! Nimemwita mtoto wa humu ndani aniandikie, nimempa bagia mbili!"

Mama Chausiku alianguka ubavu. Watu walikuwa wanashikana mikono. Nikatupa jicho nyuma. Dada Somoe alikuwa amejifunika uso mzima kwa khanga, ameinama, mabega yanamtikisika. Moyo wangu ukaruka kwa furaha. Dada Somoe ambaye hachekagi, leo nimemvunja mbavu! Basi nikainuka kutoka kwenye kigoda, nikaweka mikono magotini kama alivyoiweka yeye siku ile, nikaishusha sauti, nikaitia lafudhi ya kusini, nikasema nikimtazama yeye, kama zawadi:

"Anasema, mwenye nyumba akijua, nitalala wapi?"

Wakacheka tena, halafu kicheko kikapungua upande mmoja, kikabaki kwa watoto, kikaisha. Mama Chausiku alikuwa amekaa wima. "Ngoja kwanza," akasema. "Bagia?"

Akageuka nyuma, na wengine wakageuka. Dada Somoe akasimama, khanga bado usoni, akapita kati ya mikeka bila kumkanyaga mtu, akaingia ndani. Na mie, Mungu anisamehe, bado nilidhani anakimbia kwenda kuchekea chumbani. Karai lilibaki motoni. Bagia zikaanza kuungua, harufu ya dengu na mafuta ikajaa uwani, na hakuna aliyeinuka kwenda kuziepua. Kwenye tivii yule mzee mfupi alikuwa anaendelea kusema peke yake.

"Zima," Bibi alimwambia mjomba. Alikuwa hajacheka hata mara moja.

Aliniita chumbani kwake, akaketi kitandani, mie nikasimama mbele yake. Fimbo ilikuwa pale pale juu ya kabati na sikuacha kuitazama.

"Barua za Somoe nani anaandika?"

"Mie, Bibi."

"Mumewe yuko wapi?"

"Kaoa. Huko Tanga."

Nilimwona anafikiri, na sasa nikiwa mtu mzima naamini alikuwa anatafuta njia ya kumwacha. Aliyaonja mwenyewe ya kuachwa, alijua uchungu wake. Aliuliza swali lililobaki kwa upole, karibu kwa kuniomba. "Na humo chumbani mwake, wanaume wanaingia?"

Jibu nilikuwa nalo. Hakuna mtu chini ya jua aliyekuwa na jibu hilo kuliko mie. Hawaingii, Bibi, hajawahi kuingia hata mmoja, mie nipo humo kila siku. Lakini ningesema hivyo, swali la pili lingekuwa, wewe humo kila siku unafanya nini, na mie nilikatazwa, na fimbo ilikuwa pale. Mtoto aliyedanganya filamu nzima nzima mbele ya watu thelathini alishindwa kusema neno moja la kweli.

"Sijui, Bibi."

Akavuta pumzi. "Unaingia humo uandike barua, halafu hujui?" Akanisubiri. "Basi. Anayeficha huwa ana cha kuficha."

Nikainamisha kichwa. Ningeweza kusema hata hapo. Sikuchapwa.

Bibi hakumfukuza kwa matusi, siwezi kumsingizia. Alimwita, akamkalisha mkekani, akamwambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, ungeniambia mwanzo tungetafuta neno. Mie mwenyewe niliachwa. Lakini umeniletea uongo ndani ya nyumba, na nyumba hii ishavunjwa mlango. Mwezi ukiisha, nipishe."

"Sawa, mama," alisema Dada Somoe. Hakujitetea kwa lolote. Mie nilikuwa nyuma ya pazia, nikisubiri anitaje, aseme mwulize mjukuu wako, yeye anajua mimi ni mtu wa namna gani. Hakunitaja. Mama Chausiku aliizungusha habari ile mpaka Tandika, kila akiisimulia wanaume wanaongezeka, na zile wiki zilizobaki bagia zilianza kurudi ndani zikiwa baridi.

Nilimkwepa. Nikisikia mlango wake unafunguliwa nakimbilia barabarani. Mpaka siku ya kuondoka, mkokoteni umeshafika nje, akaniita kwa jina langu, siyo Mkalimani. Nikaingia. Nilidhani atanizaba kofi na nilitaka anizabe.

"Shikamoo, Dada Somoe."

"Marahaba." Alikuwa anafunga sanduku kwa kamba. Kitanda kilikuwa kitupu, cha Bibi hicho, godoro lake limeviringishwa na kusimamishwa ukutani. "Ile filamu ya siku ile. Yule mzee mfupi. Unajua barua yake ilikuwa inasema nini?"

Nikatikisa kichwa.

"Ni ya mama yake. Alimwandikia kwamba anaumwa, arudi nyumbani amwone. Na yeye hakuwa na ruhusa. Ndio maana alikuwa analia."

Nilimtumbulia macho. "Umejuaje?"

"Nimelea watoto wa Kihindi kule Lindi miaka tisa. Niliingia kwao nikiwa na umri kama wako. Kusoma hawakunifundisha, lakini wakienda sinema nawapakatia watoto, na nyumbani tunaongea." Akasema kitu kwa Kihindi, sentensi nzima, laini, haraka, kama mtu anavyomwita mtoto wa ndani. Kati ya maneno yangu kumi na mawili hakuna hata moja lililokuwemo.

Nilizikumbuka zile Jumapili zote, mie kwenye kigoda changu nikipiga domo, na yeye kule nyuma anakaanga. "Kwa hiyo ulijua naongopa?"

"Toka ya kwanza."

"Sasa mbona hukuwaambia?"

Aliivuta kamba, akapiga fundo, akalijaribu kama limekaza. Hakuwa na hasira hata chembe, na ningeitoa roho yangu awe nayo.

"Wangekucheka," akasema.

Kisha akajitwisha lile sanduku, akaniomba nimshikie mlango apate kupitisha na godoro. Bibi alikuwa uwani, hatua kumi kutoka pale, nilikuwa nasikia anavyotwanga. Ningepaza sauti tu, Bibi, hakuna mwanaume, mie nipo humu kila siku, angesikia. Mkokoteni ulikuwa bado haujapakiwa. Nikaushika mlango kwa mikono miwili, nikajibanza ukutani kumwachia nafasi, godoro likapita, na yeye nyuma yake.